Njano Mbili

Juu ya paa la shule ya ufundi, nje kidogo ya Mendrisio,
ziko paneli kumi na mbili za silikoni
zilizopandishwa kabla sijazaliwa.
Gundi iliyokuwa angavu imegeuka rangi ya chai ya mkandaa,
plastiki ya nyuma imepasuka kama kisigino.
Namba saba ina kovu la mvua ya mawe,
ya mwaka ule Zeno Bernaschina alipoteleza ngazini
akavunjika mguu,
paneli isivunjike.

Kila Alhamisi nazipitia na mita yangu.
Namba saba: asilimia themanini na moja
ya nguvu iliyozaliwa nayo.
Naandika. Nashuka.
Silikoni ni kama mume asiyeongea:
hujui kama anakupenda,
lakini bili imelipwa.

Halafu kuna vipande vya Ladina.
Vidogo kama stempu, vyeusi tititi,
vimeiva kwa joto la birika la chai,
wakati silikoni ilipita tanuri la nyuzi elfu moja na mia nne,
na labda ndiyo maana haishtuki.
Asubuhi ya kwanza, sentimita kwa sentimita,
vilizipita paneli zangu zote.
Ladina alicheka mpaka akakohoa.
Perovskaiti! Kipya kinyemi.
Jina lenye silabi nyingi
kuliko wiki kilizoishi kipande cha kwanza.

Novemba ilileta mvua yake ya ziwani,
ile isiyonyesha wala isiyoacha.
Unyevu ukapata mlango, pembeni, upana wa unywele.
Cheusi kikaanza kuwa njano,
njano ya kiini cha yai,
ikatambaa hadi katikati.
Nilizoea njano ya paneli zangu, njano ya uzee.
Hii ilikuwa njano nyingine.
Sindano ya mita ililala kwenye sifuri.
Ndani mna risasi, chembe tu,
kwa hiyo hata kaburi lake lina masharti:
debe la bluu, kifuniko, sahihi mbili.

Lakini kuna jambo silikoni hailijui.
Kuchoka mchana, kupona usiku.
Nimeliona mwenyewe:
jioni kipande kimeshuka,
gizani kinajikusanya,
alfajiri kimepanda tena. Karibu chote.
Mama yangu alikuwa hivyo, enzi za kiwanda cha saa:
anarudi kutoka zamu akiwa kivuli,
analala, anaamka mtu,
kila mara akipungua kidogo
ambacho hakuna aliyekipima.

Chini, kwenye kabati la chuma,
tunawatesa walio hai kwa niaba ya wajao.
Nyuzi themanini na tano. Unyevu themanini na tano. Saa elfu moja.
Tunawachemsha haraka
tujue watakufa lini polepole.
Ladina aliniuliza, kinywa kimejaa mkate:
“Miaka ishirini na mitano, Ornella,
unaipimaje kwa wiki sita?”
Nilitazama dari, nikaifikiria namba saba,
ambayo haikupimwa na kabati lolote.
Ilipimwa na miaka.
Sikumwambia. Lilikuwa jibu la kikatili,
na mkataba wake unaisha Juni.

Sasa ana kundi jipya:
kioo mbele, kioo nyuma,
mpira mweusi umezungushwa pembeni kwa mkono wake.
Leo ni siku ya mia mbili na kumi na mbili.
Namba ileile ya jana.
Namba ileile ya juzi.
Alisimama nyuma yangu, hakucheka.
“Usiseme kitu,” alisema,
“usije ukakitia kijicho.”

Mchana huu mawingu yameshuka toka Monte Generoso,
tone la kwanza limegonga kovu la namba saba,
la pili limeangukia kile kidogo, cheusi,
likakaa juu ya kioo chake, likitetemeka.
Nilikwisha fungua vifungo viwili vya koti
ili nikifunike.
Nikavifunga tena.
Hicho kingekuwa kitu kingine,
si kipimo.
Nikabaki pale, nikilowa pamoja nacho.